Usiamini shina siku ya kukata: mbegu ya muhogo Kibiti na delta ya Rufiji

Mvua za vuli zikinukia, barabara ya Kilwa kati ya Jaribu Mpakani, Bungu, Kibiti na Ikwiriri huanza kupitisha mizigo ya mashina ya muhogo. Mengine yamefungwa nyuma ya baiskeli, mengine yamelazwa juu ya pikipiki, mengine yanasubiri chombo Nyamisati ili yaingie delta. Mnunuzi hupima unene wa shina kwa kiganja, huangalia macho, hukwaruza ganda kwa ukucha kuona kama bado kuna utomvu. Vipimo hivyo ni vyema, ila vinaonyesha tu kama shina litachipua. Hakuna hata kimoja kinachoonyesha kama lina virusi.

Tena muhogo wenyewe husaidia kuuficha ukweli huo. Mmea huu una kinga yake ya ndani, na kinga ikifanya kazi dalili hupungua hadi zikatoweka, huku virusi vikibaki kwenye shina. Ukiielewa kinga hiyo, pamoja na hila ambazo virusi huzitumia kuivunja, utajua siku gani ya kukagua shamba, shina lipi la kukata, na mbegu ya kutoka wapi usiiruhusu kuvuka mpaka wa kijiji chako.

Maradhi yenyewe ni mawili. Batobato iliandikwa kwa mara ya kwanza duniani na Mjerumani Otto Warburg mwaka 1894, kwa mihogo ya nchi hii hii. Majani machanga hutoka na mabaka ya njano na kijani, yamejikunja na kudumaa. Mizizi hubaki midogo, lakini haiozi. Michirizi ya kahawia ilielezwa na H. H. Storey mwaka 1936 alipokuwa kituo cha Amani, milima ya Usambara. Huu ndio ugonjwa unaoumiza zaidi ukanda wetu wa pwani. Jani linaweza kuonekana zuri kabisa kutoka mbali, shina likawa nene, mkulima akafurahi; siku ya kung'oa, akikata mzizi anakuta nyama ya ndani ina madoa ya kahawia, makavu na magumu kama gome. Mzigo wa namna hiyo mnunuzi wa Mbagala hautaki, na hata makopa yake hayawi meupe. Maradhi yote mawili husambazwa na nzi weupe, na yote mawili husafiri kwenye pingili tunazopanda. Kati ya njia hizo mbili, ya pingili ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Sasa kinga. Virusi vinapoanza kuzaana ndani ya seli ya muhogo, hutengeneza nyuzi pacha za RNA, kitu ambacho seli yenye afya haina kwa wingi. Mmea una protini zinazozitambua nyuzi hizo na kuzikatakata vipande vifupi vya nyukliotidi 21, 22 au 24. Vipande hivyo havitupwi. Protini nyingine, za kundi la Agonauti, huchukua kipande kimoja kimoja na kukitumia kutambua RNA yoyote inayolingana nacho, kisha huikata. Mwenye duka pale Kibiti mjini aliyewahi kupewa noti bandia huibandika ukutani. Kila noti inayokuja huilinganisha na ile. Ndivyo mmea unavyofanya, na zaidi: vipande vyenyewe huongezwa idadi na kupelekwa mbele kupitia mirija ya chakula, hivi kwamba majani mapya yanaweza kuzaliwa yakiwa tayari na kumbukumbu ya adui. Wanasayansi huita mpango huu kunyamazisha jeni, maana jeni la kirusi lipo lakini halisikiki tena.

Dalili ya nje ya jambo hili ilijulikana kabla ya sababu yake. Mwaka 1928, S. A. Wingard wa Virginia, Marekani, aliandika juu ya tumbaku iliyougua majani ya chini, kisha ikatoa majani ya juu yasiyo na doa. Ilichukua miaka 70 na zaidi kabla ya Andrew Hamilton na David Baulcombe, huko Norwich, Uingereza, kuvionyesha vile vipande vidogo mwaka 1999. Mkulima wa Bungu ameiona tumbaku ya Wingard mara nyingi bila kuijua: ni ule muhogo wa batobato ambao baada ya miezi minne kilele chake kinanawiri, akasema umepona, akaukata mbegu.

Mtu anaweza kuuliza: kama mmea una silaha hii, kwa nini usiitumie kwa nguvu zote muda wote? Kwa sababu silaha hiyo hiyo ndiyo inayopanga maisha yake. Vipande vidogo vya aina nyingine, ambavyo mmea hujitengenezea wenyewe, huamua jani liwe na umbo gani, mzizi utoke lini, ua lichanue lini. Kwa hiyo mmea hujiwekea breki: kuna kipande kidogo, namba 168 katika orodha ya watafiti, ambacho kazi yake ni kupunguza kiasi cha Agonauti ya kwanza isije ikazidi. Kinga ya muhogo basi haikai wazi kabisa wala haijafungwa. Hupanda na kushuka kwa umri wa mmea, kwa aina ya muhogo, na kwa joto.

Virusi vya batobato vina protini mbili za kuvunja kinga, AC2 na AC4. AC4 ya baadhi ya virusi hivyo hukamata vile vipande vidogo visifike kazini. Kundi la Claude Fauquet huko St. Louis, Marekani, lilionyesha mwaka 2005 kwamba AC4 hukamata hata vipande ambavyo mmea unavitumia kupanga umbo la majani. Mmea wa majaribio uliowekewa protini hiyo pekee, bila kirusi, ulikua vibaya. Ukiliona jani la batobato limepinda kama lililofinyangwa, unaona kwa sehemu mmea ulionyang'anywa vipimo vyake mwenyewe. Virusi vya michirizi ya kahawia ni vya ukoo tofauti na silaha yao ni protini iitwayo P1. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2009 na Deusdedith Mbanzibwa, mtafiti wa Kitanzania, pamoja na wenzake.

Nimekaa kwenye maabara muda mrefu kidogo kwa makusudi. Ushauri wa "chagua mbegu safi" kila bwana shamba anautoa na kila mkulima anaukubali, halafu mwezi wa kumi anakata mashina yale yale. Anayejua kwamba mmea wake unaweza kuficha maradhi hakagui kwa mtindo wa zamani.

Basi kanuni ya kwanza: kagua wakati muhogo unakua kwa nguvu, wala usingoje siku ya kukata. Joto hubadilisha mambo. Katika majaribio ya kundi lile lile la Fauquet, mihogo yenye batobato iliyohamishwa kutoka nyuzi 25 za sentigredi hadi 30 ilitengeneza vipande vya kinga vingi zaidi na dalili zikapungua. Fikiria basi Kibiti mwezi Januari au Februari, jua kali, majani ya chini yamekwisha kupukutika: ukipita shambani siku hiyo utaona mashina mengi yasiyo na hatia. Pita badala yake mvua zikiwa zimekolea na majani mapya yanatoka. Kwa muhogo wa vuli, pita mara ya kwanza wiki ya nne hadi ya sita baada ya kupanda, kisha mwezi wa tatu, kisha tena masika. Mmea wowote unaoonyesha dalili kwenye ukaguzi wowote umekwisha kujihukumu, hata kama baadaye utanawiri vipi. Kama bado ni mdogo, ung'oe. Kama umekwisha kuwa mkubwa na unauhitaji kwa chakula, ufunge kamba ya katani au kipande cha nguo chekundu kwenye shina, chini, mahali ambapo hakitakatwa na palizi. Siku ya kuvuna utakula mizizi yake, na mashina yake utayachoma au kuyapeleka jikoni kuwa kuni.

Asubuhi mapema au jioni ni bora kuliko adhuhuri, maana jua likiwa utosini majani hulegea na rangi hudanganya. Simama jua likiwa nyuma yako.

Kanuni ya pili ni kujua pa kutazama, maana maradhi haya mawili hayakai mahali pamoja. Batobato itafute juu, kwenye majani machanga. Michirizi itafute chini, kwenye majani yaliyokomaa: njano inayofuata mishipa ya jani, kama manyoya yaliyotawanyika, jani likiwa halijajikunja hata kidogo. Watu wengi huikosa kwa sababu hudhani ni jani lililozeeka. Jani la uzee hugeuka njano lote kwa pamoja. La ugonjwa huwa na njano karibu na mishipa, katikati bado kijani. Kisha tazama sehemu ya shina ambayo bado ni changa, kama kuna michirizi mifupi ya kahawia kwenye ganda.

Batobato ina faida moja kwa mpelelezi: mahali ilipoanzia huonyesha ilikotoka. Mmea ulioota ukiwa na mabaka tangu jani la kwanza ulikuja nayo kwenye pingili. Mmea ambao majani yake ya chini ni safi na ya juu tu ndiyo yenye mabaka umeambukizwa na nzi weupe ukiwa shambani. Hesabu aina hizo mbili za mimea kwa macho tu unapopita. Aina ya kwanza ikiwa mingi, tatizo lako ni muuza mbegu. Aina ya pili ikiwa mingi, tatizo ni shamba la jirani, na utahitaji mazungumzo zaidi ya jembe.

Mwenye simu janja anaweza kupakua programu ya PlantVillage Nuru, iliyotengenezwa na Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania kwa kushirikiana na IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha tropiki. Hupiga picha ya jani na kukisia ugonjwa, na hufanya kazi hata pasipo mtandao, jambo la maana kwa vijiji vya delta. Haichukui nafasi ya macho ya mtu, lakini kijana aliyekosa wa kumfundisha atajifunza nayo haraka.

Kanuni ya tatu ndiyo ninayoiona kuwa muhimu kuliko zote kwa michirizi ya kahawia, na haigharimu kitu ila subira: usikate shina kabla ya kusikia ushahidi wa mizizi yake. Kawaida yetu ni kung'oa, kutupa mashina kando kwenye rundo moja, kupakia mizizi, halafu siku tatu baadaye kurudi kwenye rundo kuchagua mbegu. Rundo limekwisha kuchanganya wema na wabaya. Badala yake, ng'oa muhogo mmoja, uache mizizi ikiwa bado na shina lake, ukate kila mzizi mapande ya mviringo sehemu tatu au nne, juu, katikati na karibu na mkia. Mzizi mmoja ukiwa na doa la kahawia hata kama ni dogo, shina lote limeanguka. Mizizi yote ikiwa myeupe, shina liende upande wa mbegu. Hutakata kila mzizi wa shamba zima, hapana. Mizizi iliyokatwa haiuziki mbichi. Chagua safu iliyopita vizuri kwenye ukaguzi wa majani, ifanye ndiyo safu ya mbegu, na mizizi yake iende makopa au sufuria ya nyumbani. Kwa ekari moja ya nafasi ya mita moja kwa mita moja unahitaji pingili zipatazo 4,000. Hesabu mapema shina moja zuri linakupa pingili ngapi, ili ujue safu ya mbegu iwe ndefu kiasi gani.

Kuna tabia nyingine inayotuponza bila kukusudia. Mihogo minene na mizuri huvunwa kwanza, huliwa au huuzwa wakati bei ni nzuri, na mashina yake hukaukia shambani kwa kuwa mvua haijafika. Mvua ikija, mihogo iliyosimama ni ile iliyodumaa ambayo hakuna aliyeitaka. Hiyo ndiyo inayokatwa mbegu. Ukifanya hivyo miaka minne mfululizo umekuwa mfugaji wa virusi. Panga kinyume: safu ya mbegu ivunwe mwisho, mvua ikiwa mlangoni.

Sasa aina za muhogo. Kiroba imeenea pwani kwa haki, kwa kuwa hata ikiambukizwa michirizi, mizizi yake huchelewa kuoza na mkulima huvuna. Lakini kuvumilia si kushinda. Kiroba hubeba virusi, kinga yake ikavizuia visilete hasara kubwa, na nzi weupe wakavichota na kuvipeleka kwenye Albert ya jirani ambayo haina uvumilivu huo. Anayepanda Kiroba karibu na aina dhaifu amemweka mtu mwenye homa isiyoonekana kwenye chumba cha watoto, na kwa Kiroba ile kanuni ya kukata mizizi ina uzito mara mbili kwa sababu majani yake hayasemi kweli yote. Waliotangulia walifahamu tofauti hii. Kuanzia miaka ya 1930 hadi 1957 pale Amani, Storey, kisha R. F. W. Nichols na D. L. Jennings, walichanganya muhogo na jamaa yake mti wa mpira wa Ceara ili kupata kinga imara. Mmoja wa wazao wao, namba 46106/27, bado unalimwa: pwani ya Kenya huitwa Kaleso, na vipimo vya vinasaba vimeonyesha kwamba ndio Namikonga wa kusini mwa Tanzania. Katika aina kama hizo virusi huwa vichache, na pingili nyingine za mmea ulioambukizwa hutoka bila virusi kabisa. Kuhusu aina mpya zilizoidhinishwa, waulize kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Kibaha au ofisi ya kilimo ya wilaya, na mzalishaji wa mbegu aliyekaguliwa na TOSCI, taasisi ya kuthibitisha ubora wa mbegu, ana karatasi ya kuonyesha. Iombe. Asipokuwa nayo, rudi kwenye kanuni ya kukagua kwa macho yako shambani kwake, kabla hajakata.

Huo mti wa mpira wenyewe, unaoota ovyo sehemu nyingi za pwani na wakati mwingine kusimama kama ua, hupata virusi vya michirizi na kuvihifadhi. Karibu na kitalu cha mbegu uondoe.

Jambo ambalo ningependa lisikike zaidi ni hili la kuchanganya. Joseph Ndunguru, mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Mikocheni ambaye baadaye aliongoza Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, alichora katika utafiti wake wa miaka ya 2000 ramani ya virusi vya batobato nchini. Pwani ilikuwa na virusi vya ukoo wa Afrika Mashariki. Kirusi cha ukoo wa pili, kiitwacho cha batobato ya Afrika, kilikuwa zaidi magharibi na kaskazini magharibi. Kila kimoja peke yake muhogo unaweza kupambana nacho. Lakini majaribio ya mwaka 2004 juu ya virusi viwili vya Kameruni, kimoja cha kila ukoo, yalionyesha kwa nini vikikutana hali huwa mbaya: kimoja huvunja kinga kwa AC4 yake, kingine kwa AC2 yake, kila kimoja kwa namna na wakati tofauti, na mmea hauna pa kushika. Mchanganyiko kama huo ulikuwemo katika maafa ya muhogo Uganda miaka ya 1990. Ndunguru na wenzake wamepata pia mashambani vipande viwili vya ziada vya DNA ambavyo huongeza ukali wa batobato hata kwenye mihogo iliyozaliwa na ukinzani.

Kwa mkulima wa Kibiti, maana yake ni hii. Shemeji akitoka Geita au Kagera na furushi la "mbegu kubwa ya Kanda ya Ziwa", mkaribishe chakula, furushi likae nje ya shamba. Siyo kwamba mbegu yake ni mbaya kwao. Hatari ni kukutanisha kirusi chake na cha kwako ndani ya mmea mmoja. Hata ndani ya wilaya, usipande mbegu za vyanzo vitatu katika shamba moja zikiwa zimechanganyika. Panda kila chanzo kwenye kipande chake, weka alama, na baada ya wiki sita utajua kipi kibaki.

Kung'oa miche yenye dalili kuna maana tu kama majirani nao wanang'oa. Mkuranga, wilaya inayopakana na Kibiti, iliwahi kuwa uwanja wa jaribio la IITA na watafiti wa serikali, pamoja na Chato kule kaskazini magharibi: vijiji vizima vilikubaliana kuondoa mihogo ya zamani, vikapanda mbegu iliyosafishwa (Mkuranga walipewa Kiroba), na kuendelea kung'oa iliyougua. Ugonjwa ulishuka na mavuno yakapanda ukilinganisha na mbegu ya kienyeji ya jirani. Sehemu ngumu ya kazi ile ilikuwa kumwambia mtu ang'oe muhogo ambao bado unalika. Kijiji kinachotaka kujaribu kianze na kitongoji kimoja, mwisho wa mavuno, pale shamba linapokuwa tupu kwa vyovyote, na makubaliano yaandikwe kwenye mkutano wa kijiji na siyo kwa maneno ya njiani.

Delta yenyewe ina bahati ambayo bara haina. Kirusi cha michirizi hakikai muda mrefu kwenye mdomo wa nzi weupe, siku moja au mbili tu, halafu hupotea; cha batobato hukaa naye hadi kufa. Kwa hiyo umbali huzuia michirizi vizuri kuliko unavyozuia batobato. Kipande cha ardhi ya juu, kisichofikiwa na chumvi wala maji ya mto, kilichozungukwa na mikoko na mkono wa mto, ni mahali pazuri pa kitalu cha mbegu kwa kijiji kizima. Nashangaa jambo hili halijafanywa zaidi. Masharti ni mawili: pingili za kwanza ziwe safi kweli, na asiingie mtu na pingili nyingine mfukoni.

Baada ya mafuriko ya Aprili 2024, kaya nyingi za Rufiji na Kibiti zilibaki bila shina la kukata, na katika hali hiyo ushauri wa kutupa kila kilichougua ni ushauri wa mtu aliyeshiba. Ipo njia ya pili. Kusanya mashina uliyoyapata, yakate pingili fupi za macho mawili, uzipande kwa kubanana kwenye kitalu kimoja kidogo mbali na shamba la muhogo, umwagilie. Kwa kuwa kinga haisafishi mmea kwa usawa, baadhi ya macho yatachipua safi na mengine yatachipua na maradhi. Baada ya mwezi mmoja na nusu ng'oa bila huruma kila mche wenye dalili. Kagua tena baada ya wiki mbili. Miche inayobaki si safi kwa kiwango cha maabara, ila ni afadhali sana kuliko rundo lile, na msimu unaofuata urudie hatua hiyo kwa mashina yake.

Dawa ya kupuliza? Hakuna inayoua virusi ndani ya muhogo. Zinazouzwa huua nzi weupe, na wengine huja kesho kutoka shamba la pili. Pesa hiyo inunue mbegu. Upo pia muhogo uliotengenezwa maabara ukawekewa kipande cha jeni la ganda la virusi vya michirizi, ili mmea uwe na vipande vyake vya kinga kabla adui hajafika. Kenya iliuidhinisha kwa hatua ya kupandwa mwezi Juni 2021. Ni matumizi ya moja kwa moja ya ile kinga niliyoieleza, na kisayansi ni kazi safi. Lakini Tanzania ilisitisha majaribio ya mimea ya namna hiyo mwishoni mwa 2018, kwa hiyo anayekuuzia pingili zake kwa kificho anakuuzia kesi, na huenda hata pingili zenyewe siyo zenyewe.

Wanaolima mpunga bondeni wanapambana na kimyanga, ugonjwa wa virusi unaogeuza mpunga kuwa njano, na kirusi chake nacho kina P1 yake ya kuvunja kinga, isiyo na undugu na ile ya muhogo. Huko pingili hazihusiki; kimyanga huenezwa na mende wa majani, na mikono, mundu na ng'ombe wanaopita. Anayetoka kuvuna jaruba lenye njano aoshe mundu kwa sabuni kabla ya kuingia la pili, na mabua ya mpunga yanayochipua upya baada ya mavuno yalimwe, yasiachwe yakawa makazi ya virusi hadi masika.

Ukirudi kwenye muhogo wako: mashina yaliyofaulu majani na mizizi yafunge mafungu, uyasimamishe kivulini, sehemu ya chini ikigusa udongo wenye unyevu, na fungu la kila chanzo liwe na alama yake. Mvua ya kutosha ikishuka, tupa ncha changa na kitako kigumu, tumia katikati, sentimita 25 hadi 30 zenye macho matano hadi saba. Andika tarehe ya kupanda kwenye daftari au ukutani, kwa sababu ukaguzi wa kwanza unaanza kuhesabiwa siku hiyo.